Kisa cha Bi. N.: alama zilishuka, ugonjwa ukapanda

Umri, kazi, mpangilio wa familia na tarehe za mhusika zimebadilishwa au kuondolewa. Mwenyewe aliisoma rasimu na kuridhia itumike kufundishia. Aliomba mambo mawili yafutwe, na yamefutwa.

Usuli wa utafiti

Idara ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu ninakofanya kazi ilikuwa ikiendesha jaribio la wiki 8 kwa watu wazima wenye sonona. Nusu ya washiriki walipewa dawa ya kundi la SSRI, ambayo huongeza kazi ya serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Nusu nyingine walipewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani hakina kitu. Nani apate nini iliamuliwa na kompyuta kwa kubahatisha. Mshiriki hakujua, na sisi madaktari tuliomwona hatukujua pia. Msimbo wa nani amepata nini ulifungiwa kwa mfamasia wa utafiti.

Watu huuliza kwa nini mgonjwa apewe kidonge kitupu, na wana haki ya kuuliza. Katika majaribio ya dawa za sonona, takriban theluthi moja ya wanaopewa plasebo hupata nafuu kubwa. Sonona yenyewe huja na kuondoka, na kusikilizwa na mtu kila baada ya siku chache kuna nguvu yake. Pasipo kundi hilo, kila nafuu ingehesabiwa kuwa ya dawa, na kila madhara vilevile. Hilo la madhara ndilo tulilolisahau.

Kipimo chetu kikuu kilikuwa cha Hamilton, kilichochapishwa mwaka 1960. Kina vipengele 17: huzuni, hatia, mawazo ya kujiua, usingizi, kazi, wasiwasi, hamu ya kula na vinginevyo. Alama zikishuka kwa nusu, huhesabiwa kuwa mgonjwa ameitikia matibabu. Zikifika 7 au chini yake, huhesabiwa kuwa amepona. Max Hamilton alikitunga kwa ajili ya watu ambao tayari wamethibitika kuwa na sonona, ili kupima uzito wake. Hakukusudia kitumike kutambua mgonjwa anaumwa nini, na hakina kipengele hata kimoja kinachouliza kama mtu amechangamka kupita kiasi.

Watu wenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, hawakuruhusiwa kushiriki. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumsukuma mtu wa namna hiyo kwenye mania, yaani ule upande wa kupanda mno.

Mshiriki alivyoingia

Bi. N. alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa mtoto mmoja, mwenye kazi ya ofisini. Alikuja mwenyewe baada ya miezi minne ya kulala muda wa saa kumi na mbili kwa siku na kuamka bado amechoka, mwili mzito kama umefungiwa mawe. Hicho kilikuwa kipindi chake cha tatu. Cha kwanza kilimpata akiwa na miaka 19, cha pili wiki chache baada ya kujifungua. Baba yake mdogo aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili ambao familia haikuupa jina.

Daktari mzoefu akisoma aya hiyo ataishia njiani na kurudi juu. Sonona iliyoanza kabla ya miaka 25, inayojirudia, yenye usingizi mwingi badala ya kukosa usingizi, iliyowahi kuja baada ya uzazi, na ndugu wa damu aliyelazwa: kila moja ya dalili hizo ni ndogo peke yake, lakini zikikutana zinakutaka uulize kuhusu baipola mara mbili, tatu. Zote zilikuwa kwenye faili letu. Ziliandikwa na watu watatu tofauti kwenye fomu tatu tofauti.

Swali lenyewe liliulizwa. Msaidizi wa utafiti alilisoma kama lilivyochapishwa: "Je, umewahi kupata kipindi ulichojisikia mwenye furaha kupita kawaida, hadi watu wakaona kwamba hauko sawa?" Bi. N. akajibu: "Hapana." Mahojiano yakaendelea.

Jibu lilikuwa la kweli. Hakuna aliyewahi kumwona hayuko sawa. Vile vipindi vyake vya kulala kidogo na kufanya kazi ya watu watatu, nyumbani kwao vilisifiwa. Aliitwa mchapakazi.

Alama zake za Hamilton siku ya kwanza zilikuwa 24. Akatia saini ridhaa na kupewa chupa yake ya vidonge pamoja na shajara ya kuandika kila anapomeza.

Mambo yalivyofuatana

Siku ya 7 alama zilikuwa 21. Hakukuwa na jambo la kutilia maanani.

Siku ya 14 zilikuwa 9. Kwenye kikao cha timu habari hiyo ilipokewa kwa tabasamu, langu likiwemo. Msaidizi alikuwa ameandika: "Amechangamka, anaongea vizuri, amefika mapema." Alikuwa ametangulia miadi kwa muda wa saa moja na nusu. Baadaye niliitoa shajara yake nikaiangalia ukurasa kwa ukurasa. Wiki ya kwanza mwandiko ni mdogo, umekaa ndani ya mistari, tarehe na saa tu. Kuanzia siku ya 10 unakua. Siku ya 12 umetoka nje ya visanduku na kuzunguka pembeni mwa ukurasa: orodha ya bidhaa, majina ya watu wa kupigiwa, mshale kutoka jina moja kwenda jingine. Siku ya 13 kuna kalamu za rangi nne. Vidonge vyote vimewekewa alama kwamba vimemezwa, na kwa kuwa hilo ndilo tu tulilokuwa tukikagua, shajara iligongwa muhuri wa "imekamilika".

Na usingizi? Kipimo cha Hamilton kina vipengele vitatu vya usingizi, na vyote huuliza juu ya shida ya kulala. Bi. N. alisema analala muda wa saa tatu na zinamtosha, hana shida yoyote. Akapewa sifuri mara tatu.

Miadi iliyofuata ilikuwa siku ya 28. Siku ya 17, jioni, simu ya dharura ya utafiti iliita. Alikuwa dada yake mkubwa, ambaye ameiona namba kwenye kadi ndani ya mkoba wa mdogo wake. Muuguzi mratibu wetu alipokea na kuandika maneno yake kama yalivyo: "Dada, samahani kukusumbua. Mdogo wangu ana siku nne halali. Ameandika barua ya kuacha kazi. Amekopa hela za biashara ambayo hata hajaniambia ni ya nini. Saa tisa usiku anawapigia watu simu. Mtoto nimemchukua mimi."

Maamuzi na sababu zake

*Kuzungumza na dada au kutozungumza.* Fomu ya ridhaa haikuwa na kipengele cha kuwasiliana na ndugu. Muuguzi hakuwa na ruhusa hata ya kuthibitisha kwamba Bi. N. ni mshiriki wetu. Alichofanya nakihesabu kuwa tendo bora kuliko yote katika kisa kizima: alisikiliza hadi mwisho, akamwambia dada kwamba hawezi kuzungumzia habari za mtu yeyote lakini yote aliyosema yameandikwa na yatamfikia daktari usiku huohuo, kisha akamweleza afanye nini hali ikizidi. Siri humzuia mhudumu kusema. Haimzuii kusikia. Wahudumu wengi hukata simu hapo kwa hofu ya kuvunja sheria.

*Kumwona mara moja.* Nilimpigia Bi. N. mwenyewe. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, akaniambia ndiyo kwanza alitaka kunipigia kunishukuru. Alikubali kuja, na kwa ridhaa yake dada akaja naye. Safari hii tulitumia kipimo cha mania cha Young, cha mwaka 1978, chenye vipengele 11 na alama za juu kabisa 60. Alipata 29. Kwa kuwa itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ilidai, tulipima na Hamilton pia. Alama zilikuwa 6: mbili za kutotulia, mbili za kutotambua kuwa anaumwa, moja ya wasiwasi, moja ya uzito wa mwili kupungua. Kwa kanuni za utafiti wetu, mwanamke aliyekuwa akizunguka chumba akizungumza bila kituo, aliyepoteza kazi wiki hiyo na kuingia kwenye deni, alikuwa amepona.

*Kumtoa kwenye utafiti.* Alikataa. Alisema dawa imemfungua macho, atoke vipi? Tulisimamisha vidonge hata hivyo, kwa sababu itifaki inampa daktari mamlaka hayo pale usalama wa mshiriki unapokuwa hatarini. Kuhusu kulazwa, tulitaka ridhaa yake. Ilichukua zaidi ya muda wa saa mbili. Hakuna hoja ya kitabibu iliyomgeuza. Dada yake alimwambia mtoto anauliza mama atalala lini, akakaa chini kwa mara ya kwanza jioni ile.

*Matibabu.* Wenzetu wa wodini walimwanzishia olanzapini, dawa ya kutuliza mania, usiku ili apate usingizi, na lithiamu, dawa ya kuzuia hisia zisipande na kushuka mno, baada ya vipimo vya figo, tezi la shingo na ujauzito. Valproeti, ambayo nayo hutumika kwa mania, iliwekwa kando kwa kuwa yuko kwenye umri wa kuzaa: takriban mtoto 1 kati ya 10 walio tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na mwenendo. Lithiamu hutaka damu ipimwe takriban muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho, na lengo la muda mrefu kwa wagonjwa wengi ni kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Ni dawa ya zamani. John Cade wa Australia aliandika juu yake mwaka 1949, na mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake wa Denmark wakachapisha jaribio ambalo baadhi ya wagonjwa walilinganishwa kwa plasebo. Faida yake kwa ugonjwa huu ilionekana kwa njia ileile tuliyokuwa tukiitumia sisi.

*Kufungua msimbo au kutoufungua.* Hapa timu iligawanyika. Mwenzetu mmoja alisema familia ina haki ya kujua mtu wao amekunywa nini. Wengine, nikiwemo mimi, tulisema msimbo hufunguliwa tu pale majibu yatakapobadilisha matibabu, na usiku ule yasingebadilisha kitu: vidonge vimesimama, mania inatibiwa kama mania. Hatukuufungua. Tulitoa taarifa ya tukio zito kwa wafadhili ndani ya saa 24 na kwa kamati ya maadili kama kanuni zinavyotaka, kwa kuwa kulazwa hospitali ni tukio zito hata kama mgonjwa anatoka akitembea.

Matokeo

Usingizi ulirudi siku ya tano wodini. Mania ilitulia katika wiki ya tatu, na baada ya hapo ikaja huzuni na aibu, kama inavyotokea mara nyingi. Kazi ilikuwa imekwenda. Sehemu ya deni dada alilifuta kwa kuirudisha bidhaa, sehemu ikabaki.

Wodini, kwenye barua ya kumruhusu kwenda nyumbani, daktari aliandika: "Mania iliyosababishwa na dawa ya sonona." Aliyatoa wapi? Kwetu. Sisi sote tulikuwa tumeshasadiki hivyo. Mimi mwenyewe nilimwambia dada yake, kwa majuto ya kweli kabisa, kwamba huenda dawa yetu ndiyo iliyomwamsha. Neno "huenda" halikufika nyumbani pamoja naye.

Ilipita miezi miwili. Daktari wa kliniki, akiisoma ile barua, aliona mantiki iliyo wazi: kama ni dawa iliyosababisha na dawa imeondoka, lithiamu ya nini tena? Akapanga kuipunguza. Kwa bahati alikuwa mtu wa kuuliza, akatuandikia kwanza: je, mna hakika alikuwa kwenye dawa?

Mfamasia alifungua msimbo wa mshiriki huyo mmoja. Ilikuwa plasebo.

Maana yake ni kwamba ile mania haikusukumwa na kitu chochote kutoka kwetu. Ilipanda yenyewe, kutoka ndani ya ugonjwa uliokuwepo tangu miaka 19. Utambuzi ukabadilika kuwa baipola, lithiamu ikaendelea.

Nilimweleza Bi. N. mwenyewe, dada akiwa pembeni. Aliomba aione karatasi ya msimbo. Aliishika muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa yangu," na akaanza kuhesabu kwa vidole: mwaka ule wa chuo aliposhona nguo za harusi ya watu wawili ndani ya juma moja bila kulala, mwaka aliohama nyumba, kile kipindi kabla ya ujauzito. Vidole vilifika vinne. Dada yake akaongeza cha tano.

Takwimu zake zilibaki kwenye uchambuzi wa jumla, katika kundi alilopangiwa, kama kanuni ya kuwahesabu wote walioingia inavyodai. Alama yake ya mwisho ya Hamilton, ile 6, iliingia kwenye jedwali kama mtu aliyepona kwa plasebo. Tuliweka maelezo kamili kwenye sehemu ya usalama, lakini jedwali ni jedwali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni watu zaidi ya itifaki: muuguzi aliyesikiliza, dada aliyefungua mkoba, daktari wa kliniki aliyeuliza. Kadi yenye namba ya dharura nayo ilifanya kazi yake, na nasisitiza iwe ya karatasi, kwa sababu ndugu hawezi kufungua simu ya mgonjwa.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye swali la kuingilia. Swali linaloanza na furaha humtaka mtu akumbuke hisia, na wengi hawakumbuki vipindi vya juu kama ugonjwa. Huvikumbuka kama siku zao bora. Mwongozo wa utambuzi wa DSM-5, wa mwaka 2013, uliongeza ongezeko la nguvu au shughuli kuwa sharti la msingi pamoja na mabadiliko ya hisia, na nadhani kila anayeendesha mahojiano anapaswa kuanzia hapo. Swali letu la sasa ni hili: "Umewahi kukaa siku nne au zaidi ukilala kidogo mno, na bado mchana hukuchoka?" Siku nne ndizo zinazohitajika kwa haipomania, ile hali ya juu iliyo nyepesi kuliko mania. Baada ya swali hilo ndipo tunauliza alifanya nini siku hizo, alitumia pesa ngapi, nani alimshangaa, na nani alimsifu.

Hilo la "nani alimsifu" tumelitoa kwa Bi. N.

Kosa la pili: tulipima upande mmoja tu wa mizani. Siku ya 14 ilikuwa na habari zote tulizohitaji, mwandiko, usingizi, kufika mapema, ila kila moja ilipita kwenye tundu la fomu na kutoka ikiwa nafuu. Kushuka kutoka 21 hadi 9 kwa siku saba kulipaswa kututia shaka kabla ya kutufurahisha. Sonona nzito hupungua hatua kwa hatua. Inapoyeyuka ghafla, mtu aulize imekwenda wapi. Sasa kipimo cha Young kinafanyika kila miadi, na msaidizi yeyote anaweza kusimamisha alama na kumwita daktari kwa sababu moja tu, kwamba mshiriki "amebadilika".

Kuhusu msimbo, bado naamini tulikuwa sahihi usiku ule. Tulikosea baadaye. Tulilichukulia kama swali la usiku mmoja, likishajibiwa limekwisha, ilhali jibu la "haitabadilisha matibabu" lilikuwa kweli kwa mania na si kweli kwa lithiamu ya miaka inayofuata. Barua ya wodini ilipoandika sababu, sababu hiyo ikawa sehemu ya matibabu, na hapo msimbo ulipaswa kufunguliwa. Itifaki yetu mpya inataka uamuzi wa kutofungua urudiwe siku mshiriki anaporuhusiwa kutoka wodini, na barua yoyote kutoka kwetu iandike "hakujulikana alikuwa kundi gani" kwa maneno hayohayo, bila "huenda".

Kuna jambo kuhusu hatia yetu ambalo ni gumu kuliandika. Tulikimbilia kuilaumu dawa kwa sababu lawama ile ilionekana kuwa ya uaminifu. Ilikuwa ni kukiri. Lakini mtafiti anayekiri jambo asilolijua anampotosha mgonjwa sawa na yule anayeficha, na kukiri kwetu nusura kumnyang'anye Bi. N. dawa aliyoihitaji. Familia nayo iliishi miezi miwili ikiamini tumemharibia mtu wao.

Mabadiliko ya mwisho ni fomu ya ridhaa. Mshiriki sasa anachagua mtu mmoja tunayeweza kuzungumza naye, na anaandika mwenyewe tuzungumze naye juu ya nini. Kamati ya maadili ilituuliza kama atakayekataa atanyimwa nafasi. Tulijibu hapana, na tulibishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kujibu hivyo. Wapo ambao ndugu ndiye chanzo cha maumivu, na wapo wasio na mtu kabisa. Kwa hao tumeongeza simu ya muuguzi siku ya 10 na siku ya 21, dakika kumi, ikianza kwa kuuliza jana walilala saa ngapi na kuamka saa ngapi.